Sura ya 6: Mchana Inawaka, Asubuhi Inagoma

Swali hili hunifikia kwa maneno yanayokaribia kufanana: "Kwadi yangu ikishapata joto, nagusa swichi tu inawaka. Ikilala, asubuhi nahangaika nayo mpaka betri inaisha nguvu. Shida iko wapi?" Anayeuliza huwa mfugaji wa Kinangop, au kijana anayewatembeza watalii Nungwi na Diani, au mwenye shamba la viazi Njombe. Na wengi wao wameshatumia pesa kabla ya kuuliza: plagi mpya, betri mpya, wengine kabureta nzima.

Kwadi ni pikipiki ya magurudumu manne yenye matairi manene, iliyoundwa kwa ajili ya mchanga, matope na mashamba. Suzuki waliingiza sokoni kwadi yao ya kwanza, LT125, mwaka 1982. Nyingi ya zile ndogo zinazouzwa kwetu leo zimeundwa China, na injini zake ni za ukoo mmoja na injini za bodaboda: silinda moja, hupozwa na upepo, hulishwa na kabureta moja. Kwa hiyo mwenye bodaboda inayosumbua alfajiri naye asome. Karibu kila ninachosema hapa kinamhusu.

Ishike kwanza ile kauli ya "ikishapata joto inawaka", kwa sababu hiyo peke yake ni nusu ya uchunguzi. Injini inayowaka vizuri mchana ina plagi inayotoa cheche, ina petroli inayofika, ina swichi nzima. Washukiwa wengi wameshaachiwa huru. Wanaobaki ni wale wanaotakiwa kufanya kazi ya ziada injini ikiwa baridi: njia ndogo za mafuta ndani ya kabureta, nguvu ya kuizungusha injini, na valvu zinazotakiwa kufunga barabara. Sura hii inawafuata kwa mpangilio huo, na nitakaa zaidi kwenye mafuta kwa sababu huko ndiko ubovu unakopatikana mara nyingi.

Baridi gani tunayoisema?

Injini ikifanya kazi, kichwa cha silinda hupita nyuzijoto 100. Ikilala usiku kucha hurudi kwenye joto la hewa iliyoizunguka. Nungwi hiyo ni nyuzi 25 hivi, na Njombe mwezi Julai inaweza kukaribia nyuzi 5. Kwa injini, zote mbili ni baridi.

Hapa pana hukumu ya kwanza. Kama kwadi yako inagoma asubuhi Zanzibar au Mombasa, usiilaumu hali ya hewa, kwa sababu hakuna baridi ya kulaumiwa. Kuna kitu kibovu, kitafute. Kama uko Makete, Kinangop au Timau, hali ya hewa inachangia, lakini nayo haitoshi kuwa jibu. Kwadi hizihizi huwashwa Kanada kwenye theluji. Ikiwa nzima, nyuzi 5 haziishindi.

Kinachoungua ni mvuke

Petroli ya majimaji haiungui ndani ya silinda. Kinachoungua ni mvuke wake uliochanganyika na hewa. Nguo ulizoanika Njombe mwezi wa Julai huchukua siku nzima kukauka, ilhali za Tanga hukauka kabla ya adhuhuri. Petroli nayo hutawaliwa na kanuni hiyo. Penye joto inageuka mvuke upesi. Penye baridi sehemu kubwa inabaki matone, inanata kwenye kuta za bomba la kuingizia hewa, na haifiki silinda ikiwa katika hali ya kuungua.

Injini iliyopata joto huridhika na kipimo cha gramu 1 ya petroli kwa gramu 14.7 za hewa. Injini baridi ikipewa kipimo hichohicho hupata mvuke kidogo mno, na cheche inapiga bila kukuta cha kuchoma. Dawa yake ni kumwaga petroli nyingi zaidi kwa muda mfupi, ili hata kama sehemu yake tu itageuka mvuke, sehemu hiyo itoshe. Kifaa cha kazi hiyo ni choki.

Choki ziko za aina tatu, na hazitumiki kwa namna moja

Sehemu hii nakuomba uisome polepole, kwa maana watu wengi wanalala na ubovu ambao si ubovu: wanaiwasha kwadi kwa namna isiyoendana na choki yake.

Aina ya kwanza ni *choki ya kibati*. Ndani ya mdomo wa kabureta, upande wa chujio la hewa, kuna kibati cha mviringo. Ukivuta wenzo kinaziba mdomo, hewa inapungua, na mvuto wa pistoni unanyonya petroli zaidi. Ndiyo iliyomo kwenye bodaboda nyingi na kwenye kwadi nyingi ndogo za China. Hii huvumilia ukifungua resi kidogo wakati wa kuwasha.

Aina ya pili ni *choki ya pini*. Hapa hakuna kibati. Kuna pini ya shaba, mwishoni mwake ina kijipira, na kazi yake ni kufungua au kuziba njia ya pembeni inayopita petroli ya ziada. Ukivuta choki pini inainuka na njia inafunguka. Utaikuta kwenye kabureta nyingi za Mikuni na kwenye kwadi za mbio.

Njia hiyo ya pembeni hufanya kazi kwa mvuto mkali wa hewa ulioko upande wa injini, na mvuto huo upo tu resi ikiwa imefungwa kabisa. Ukigusa resi, hata kwa unywele, mvuto unaanguka na petroli ya ziada haiji. Nimewaona watu wenye kwadi nzima kabisa wakisaga stata huku dole gumba limekandamiza resi, na kadiri inavyogoma ndivyo wanavyozidi kukandamiza. Mwambie aachie resi, inawaka. Kwa hiyo kabla hujafungua bolti yoyote, jaribu hivi kesho asubuhi: choki yote, dole gumba mbali na resi, stata.

Aina ya tatu ni *choki ya kujiendesha*, iliyo kwenye kwadi zenye injini ya skuta isiyo na gia za kubadilisha. Ni kichupa cheusi juu ya kabureta chenye nyaya mbili. Ndani yake mna nta. Injini ikiwaka, umeme unaipasha nta, inavimba na kuisukuma pini iliyo chini yake, na pini inaziba petroli ya ziada baada ya dakika chache. Ikinasa ikiwa imesukumwa chini, injini baridi haipati ziada yoyote na itagoma kila asubuhi. Ichomoe, itazame ikiwa baridi, kisha iunganishe na betri ya volti 12 kwa dakika tano. Pini inatakiwa kuwa imetoka zaidi kuliko mwanzo. Kama haikusogea, kichupa kimekufa, na hakitengenezwi, kinabadilishwa.

Kwa zile mbili za kwanza, jaribio ni rahisi zaidi. Iache injini ipate joto, ingurume bila resi, kisha vuta choki yote. Injini yenye choki nzima itabadilika papo hapo: itazubaa, itatoa moshi mweusi, au itazima. Ikiendelea kunguruma kana kwamba hujagusa kitu, choki haileti mafuta. Waya wake umekatika au umenasa, kibati hakifungi, au pini imegandia. Umeshaukamata ubovu bila kutoa hata senti.

Tundu lisilofika nusu milimita

Choki ikiwa nzima na kwadi bado inagoma, mshukiwa wangu wa kwanza ni jeti ndogo.

Jeti ni kijiskrubu cha shaba chenye tundu katikati, kazi yake ni kupima petroli inayopita. Kabureta huwa na mbili zinazojulikana. Jeti kubwa huhudumia mwendo wa kasi. Jeti ndogo huhudumia injini inapowaka na inaponguruma bila resi. Tundu la jeti ndogo aghalabu halifiki nusu milimita. Jeti ya Keihin iliyochapwa namba 38, kwa mfano, ina tundu la milimita 0.38. Uchafu ambao jeti kubwa ingeumeza bila habari unaliziba tundu hilo, au unalibana kiasi cha kupitisha nusu ya mafuta.

Ndiyo maana kwadi yenye jeti ndogo chafu hukudanganya. Ikishawaka, ukaipigia resi, inakimbia vizuri, kwa sababu huko inalishwa na jeti kubwa. Unasema kabureta ni nzima. Lakini angalia dalili zake nyingine: inahitaji choki muda mrefu, inazima ukiachia resi kabla haijapata joto sawasawa, na ukiifungua resi kwa ghafla inasita kabla ya kuvuta.

Uchafu huo unatoka wapi? Mara nyingi ni petroli yenyewe. Petroli ni mchanganyiko wa vitu vingi, vyepesi na vizito. Vile vyepesi, ambavyo ndivyo vinavyogeuka mvuke kwenye baridi, ndivyo vinavyotoroka kwanza kupitia matundu ya hewa ya tangi na kabureta. Chombo kikisimama miezi mitatu, kinachobaki kwenye bakuli la kabureta ni petroli nzito isiyopenda kuwaka baridi, na ikiendelea kukaa inageuka utando wa kahawia unaonata. Kwadi za shughuli za msimu ndizo zinazoumia zaidi: zinaegeshwa masika yote, zinaamshwa Juni.

Kuisafisha si kazi ya ajabu. Funga koki ya petroli, fungua skrubu ya chini ya bakuli uimwage petroli iliyomo kwenye chombo cha kioo, uitazame kwenye mwanga. Ukiona maji yametulia chini kama shanga, au mchanga mwekundu wa kutu ya tangi, umeshapata habari. Kisha toa bakuli. Jeti ndogo imezama ndani ya bomba lake, kando ya jeti kubwa. Tumia bisibisi inayoenea barabara kwenye mfereji wake, kwani shaba ni laini na bisibisi nyembamba itaivuruga kichwa.

Ukishaitoa, inue juu uelekeze jicho kwenye anga. Unatakiwa kuona nukta ya mwanga iliyo mviringo kamili. Ukiona nukta yenye ukungu, au umbo la mwezi mchanga, au giza, ndiyo hiyo. Iloweke kwenye dawa ya kusafishia kabureta, ipulize kwa upepo wa kompresa, na kama bado haijazibuka tumia uzi mmoja wa shaba uliochomoa kwenye waya laini wa umeme. Usitumie sindano wala uzi wa chuma wa kebo ya breki. Chuma kinalipanua tundu, na tundu lililopanuka haliwezi kurudishwa. Puliza pia njia ndogo zilizo kwenye mwili wa kabureta. Kuisafisha jeti na kuacha njia yake imeziba ni kazi bure.

Ukiwa hapo hapo, kagua mpira unaounganisha kabureta na injini. Ukunje kwa vidole. Ukipasuka, hewa inaingia kwa mlango wa nyuma bila kupimwa, na mchanganyiko unakosa petroli. Kwenye jua letu mipira hiyo haidumu.

Petroli yenye mafuta ya taa

Hili wenzetu wa Ulaya hawalipi uzito, lakini kwetu lazima lisemwe. Kila kimiminika kinachoungua kina kiwango cha joto ambacho kikifikiwa hutoa mvuke wa kutosha kushika moto. Kwa petroli, kiwango hicho ni karibu nyuzi 43 chini ya sifuri. Kwa mafuta ya taa ni nyuzi 38 juu ya sifuri au zaidi. Tia mafuta ya taa kwenye petroli na umeharibu kile hasa ambacho injini baridi inakitegemea. Injini yenye joto itayachoma kwa shida. Injini baridi itayaacha yailoweshe plagi.

Serikali zinaijua michezo hiyo. Tanzania, kupitia mamlaka yake ya udhibiti wa nishati na maji, EWURA, ilianza kutia vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010 ili yaliyochakachuliwa yatambulike. Kenya mwaka 2018 iliweka tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili kuivunja faida ya wachanganyaji. Hata hivyo petroli ya kwenye chupa za kando ya barabara haina wa kuipima ila wewe. Dondosha tone moja kwenye karatasi nyeupe safi, kivulini. Petroli safi huruka na kuacha karatasi karibu kama ilivyokuwa. Ikibaki alama ya mafuta isiyokauka, usiiweke kwenye tangi.

*Kwa ufupi kuhusu mafuta:* injini baridi inataka petroli nyingi, nyepesi, inayopita kwenye tundu safi. Jua aina ya choki yako, ijaribu, mwaga petroli ya zamani, safisha jeti ndogo, kagua mpira. Asubuhi nyingi za mateso huishia hapa.

Plagi inasema nini?

Kama bado inagoma, acha kukisia uiulize injini. Piga stata kwa sekunde kama kumi ukiwa umevuta choki, kisha fungua plagi papo hapo na uitazame ncha yake.

Ikiwa kavu, petroli haifiki. Rudi nyuma kwenye koki, chujio, tundu la hewa la kifuniko cha tangi, na kabureta.

Ikiwa imelowa na inanuka petroli, mafuta yamefika na hayakuchomwa. Ama cheche ni dhaifu, ama umeimwagia kupita kiasi. Hilo la pili ni la kawaida sana nyanda za juu. Kwenye mita 2,000 hewa ni nyepesi kuliko ya pwani kwa karibu asilimia 20, na kabureta iliyopimwa kwa ajili ya pwani tayari inatoa petroli nyingi mno. Kwadi iliyonunuliwa Dar es Salaam ikapelekwa Njombe huhitaji choki, ndiyo, lakini kwa muda mfupi zaidi. Ikishalowa, rudisha choki, fungua resi yote, piga stata kwa sekunde chache ili hewa iikaushe.

Ili kuona cheche, ichomeke plagi kwenye kofia yake, ilaze kwenye chuma cha injini mbali na tundu ilikotoka, kwa sababu tundu hilo linatema mvuke wa petroli, kisha piga stata. Cheche nzuri ina rangi ya buluu na unaisikia ikipasuka. Ikiwa nyekundu nyembamba, au inaruka mara moja moja, badilisha plagi kwanza. Ikiendelea, kagua kofia ya plagi. Ndani yake huwa na kikinza cha takriban omu 5,000 ambacho hupata kutu taratibu. Kofia ni bei ndogo, na wengi hawaikumbuki mpaka wamenunua koili.

Betri inayozungusha lakini haiwashi

Watu husema: "Betri ni nzima, si unaisikia inazungusha?" Inazungusha, lakini kwa kasi gani? Stata ikila umeme wote, mfumo wa cheche unabaki na makombo. Na injini ikizunguka polepole, mvuto wa kwenye kabureta unakuwa mdogo, kwa hiyo hata petroli inapungua. Ubovu mmoja unaleta mwingine.

Betri iliyojaa na kupumzika inasoma volti 12.6 au zaidi. Ikisoma 12.0, imebakiwa na robo hivi. Muhimu zaidi ni usomaji wakati stata inazunguka: ukishuka chini ya volti 9.5, betri imechoka au vifungo vyake vina kutu. Baridi inaongeza mzigo, maana kwenye nyuzi sifuri betri hutoa takriban asilimia 80 tu ya uwezo wake. Kama kwadi yako ina kiki au kamba ya kuvuta, una jaribio la bure: ikiwaka kwa kamba na kugoma kwa stata, tazama betri, nyaya na mota ya stata. Ukitaka kuiazima nguvu kutoka kwenye gari, injini ya gari iwe imezimwa, kwa sababu chaji yake ni kubwa kwa betri ndogo.

Usiisukume kwadi yenye mkanda na klachi ya kujiendesha ukidhani itashika kama bodaboda. Klachi yake haiunganishi gurudumu na injini mpaka injini yenyewe iwe inazunguka.

Oili nayo inahusika. Kwenye kopo, namba iliyo mbele ya herufi W inaeleza tabia ya oili ikiwa baridi, na kadiri ilivyo kubwa ndivyo oili ilivyo nzito asubuhi. 20W-50 inafaa Tanga. Kinangop alfajiri inaikaba injini, na hapo 10W-40 iliyotengenezwa kwa ajili ya pikipiki, kama kitabu cha chombo kinairuhusu, inaleta tofauti utakayoisikia siku ya kwanza.

Tapeti zilizo kimya

Nimeiweka hii mwisho kwa sababu inahitaji kufungua injini, lakini ndiyo inayosahaulika kuliko zote.

Ili mchanganyiko ushike moto, pistoni lazima iubane. Mbano huo mafundi huuita kompresheni. Valvu mbili, ya kuingiza na ya kutolea moshi, zinatakiwa ziwe zimefunga kabisa wakati huo. Kati ya valvu na kile kinachoisukuma huachwa nafasi ndogo, aghalabu kati ya milimita 0.05 na 0.15, na marekebisho yake ndiyo tunayoita kuseti tapeti. Valvu ikizidi kujichimbia kwenye kiti chake mwaka baada ya mwaka, nafasi hiyo inapungua. Ikiisha, valvu haifungi tena. Inabaki wazi kwa kiasi kisichoonekana kwa macho.

Injini ikishapata joto, petroli inageuka mvuke kwa urahisi, oili imelegea, stata inazungusha haraka, na uvujaji huo mdogo unavumilika. Asubuhi kila kitu ni kigumu, na uvujaji huohuo unatosha kuizuia isiwake. Kwa hiyo kwadi inayozidi kuwa ngumu asubuhi kadiri miezi inavyopita, huku kabureta ikiwa safi na cheche nzuri, ina dalili za tapeti zilizobana.

Na hazitakuambia. Tapeti iliyolegea inagonga, inamsumbua mwenyewe, anaipeleka kwa fundi. Iliyobana iko kimya, na watu huusifia ukimya huo. Mimi siuamini ukimya wa tapeti kwenye injini iliyotembea muda mrefu bila kupimwa.

Upimaji hufanyika injini ikiwa baridi, pistoni ikiwa juu kwenye mzunguko wa kubana, kwa bamba jembamba la kupimia. Namba sahihi ziko kwenye kitabu cha chombo chako, si za jirani. Kama tapeti ziko sawa na kompresheni bado ni ndogo, tia kijiko cha chai cha oili kwenye tundu la plagi, uzungushe, upime tena. Ikipanda, ringi za pistoni zimeisha. Isipopanda, valvu zinavuja.

Kwadi zisizo na kabureta

Kwadi mpya zaidi, kama Yamaha Raptor 700R iliyotoka mwaka 2006, hazina kabureta wala choki. Nozeli hunyunyiza petroli kwa amri ya kompyuta ndogo, na kompyuta hiyo hutegemea kihisi kinachoipa habari ya joto la injini. Kihisi kikisema uongo kwamba injini ina joto, petroli ya ziada haiji. Washa swichi usikilize: pampu inatakiwa kuvuma sekunde mbili tatu kisha inyamaze. Ikiwa kimya, anzia kwenye fyuzi. Mengine ya hapa yanataka mashine ya kusomea, na sikushauri ubahatishe.

Mpangilio wa kazi

1. Itoe nje kwanza. Moshi wa injini una hewa ya kaboni monoksidi, haina harufu na inaua ndani ya banda lililofungwa.
2. Gia iwe huru, breki imeshikwa, swichi ya kuzimia iko sawa. Kwadi nyingi hazipigi stata bila breki kubanwa.
3. Choki yote, resi usiiguse. Stata sekunde tano hadi kumi, kisha ipumzike nusu dakika.
4. Mwaga petroli ya bakuli, weka mpya unayoiamini.
5. Tazama plagi: kavu au imelowa. Tazama cheche.
6. Pima betri wakati stata inazunguka.
7. Jeti ndogo, na mpira wa kabureta.
8. Tapeti.

Ukifika namba nane bila mafanikio, au huna bamba la kupimia, nenda kwa fundi, lakini usimwambie tu kwamba haiwaki. Mwambie inawaka ikiwa na joto na kugoma ikiwa baridi. Mwambie plagi ilikuwa kavu au imelowa, betri ilisoma ngapi stata ikizunguka, choki ilibadilisha mlio au haikubadilisha. Mwachie kwadi jioni, ailaze, ili asubuhi aione ikigoma mwenyewe. Ukimpelekea ikiwa na joto itawaka mbele yake na atakurudishia. Na akikuambia ununue kabureta mpya, mwombe kwanza akuonyeshe kipimo cha tapeti.